Friji Iliyompiga Shoti Mkwe Peke Yake

Katika nyumba ile, kila aliyepita koridoni aliupiga ukuta kofi.

Hakuna aliyeona ajabu. Taa zikififia, kofi. Redio ikikoroma, kofi. Balbu ya bafuni ikizimika mtu ana povu la sabuni usoni, sauti ilitoka humo ndani: "Jamani, nipigieni ukuta!" Aliyekuwa karibu alinyoosha mkono akapiga pale pale, kimo cha bega, kati ya mlango wa jikoni na mlango wa chumba cha kushonea. Taa ikarudi, anayeoga akashukuru, maisha yakaendelea. Mahali pale rangi ilikuwa imeliwa na viganja. Palibaki doa la duara, linang'aa kama sahani.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, fundi wa kushona sare za shule na mapazia. Mtaani walimwita Mama Cherehani. Kofi lile alilirithi kwa marehemu mumewe. "Nyumba hii imezeeka," mumewe alikuwa akisema, "masikio yake mazito. Ukitaka ikusikie, iguse bega." Wakacheka. Wakazoea.

Na haikuwa nyumba hiyo peke yake. Nyumba zote za safu ile zilijengwa miaka ambayo kila mwenye koleo mfukoni alijiita fundi umeme. Nyaya zilipitishwa harakaharaka, plasta ikapakwa juu. Mkaguzi aliyetumwa kuzikagua alisimama mlangoni, akasifu rangi, akapewa soda, akatia sahihi. Waliohamia humo hawakuelezwa kitu. Waliambiwa tu kwamba umeme ni mambo ya wataalamu, wao wawashe na kuzima. Basi wakawasha na kuzima, miaka nenda miaka rudi.

Katika chumba cha nyuma aliishi shemeji yake, kaka wa marehemu. Alikuwa mwashi mstaafu, na kila mtu alimwita Mwashi. Plasta ya koridoni yote aliipaka upya yeye. Ulikuwa ukuta laini, hauna tuta wala bonde, na hakuna mgeni aliyeingia bila kulazimishwa kuupapasa. "Papasa," alisema Mwashi. "Papasa tu, hulipii."

Kisha mkwe akaja.

Kijana wa Mama Cherehani alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alioa, akamleta mkewe nyumbani, akakaa naye kidogo, halafu akaitwa safarini. "Mama, nakuachia mke wangu," alisema mlangoni. "Nenda salama," mama akajibu. "Huyu ni mwanangu."

Mkwe alikuja na sanduku la nguo na friji. Friji mpya, nyeupe, zawadi ya wazazi wake. Plagi yake ilikuwa na miguu mitatu. Soketi za nyumba ile zilikuwa na matundu mawili tu. Akaitwa fundi wa mtaani waliyemwita Chapchap. Aling'oa soketi ya jikoni, akaweka ya matundu matatu, akawasha, friji ikanguruma, naye akaondoka hata chai aliyotengewa haijapoa.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza.

Asubuhi moja Mama Cherehani alikuwa chumba cha kushonea, pasi imewaka, ananyoosha makunjo ya sketi. Mkwe alikuwa peke yake jikoni anaosha vyombo. Sakafu ilikuwa imelowa, naye alikuwa pekupeku. Ghafla taa ikazimika. Friji ikanyamaza. Mkwe akaenda kuitazama. Alipogusa tu mlango wake, akapiga ukelele.

Mama Cherehani alitoka mbio. Koridoni mkono wake ukapiga ukuta, wenyewe tu, kama siku zote. Alipofika jikoni taa ilikuwa imerudi, friji inanguruma taratibu, na mkwe ameegemea sinki, ameshika kiwiko.

"Imenipiga, Mama. Friji imenipiga shoti!"

"Hii hapa?" Mama akaigusa. Kwanza kwa ncha ya kidole, halafu kwa kiganja kizima. Hakuna kitu, ubaridi tu. "Mbona mimi hainipigi?"

"Sijui, Mama. Lakini imenipiga."

Mwashi naye akaja, ndala zake zinaburuza sakafuni. Alipiga ukuta, akaingia, akaikumbatia friji kwa mikono miwili kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Shoti yenyewe iko wapi? Bibi arusi, ulikuwa unaota?"

Mkwe alimtazama Mwashi, aliyemwita Baba mkubwa, akiwa amekumbatia friji, akajitazama mkono, akabaki mdomo wazi.

Jambo lile likarudi. Likarudi tena. Mkwe anapiga kelele, watu wanakuja mbio, friji haina neno. Mama Cherehani akajaribu kufikiri, na kila alipofikiri alizidi kupotea. Labda ni maji ya mikono? Akamwambia mkwe ajifute. Akajifuta, akapigwa. Labda ni miguu mitupu? Akampa ndala. Mkwe akavaa, hakupigwa. Haya, kumbe dawa ni ndala! Lakini yeye Mama alikuwa anaigusa friji hiyohiyo pekupeku kila siku, na hakuwahi kupigwa. Basi si ndala. Au ni ndala kwa mkwe, si kwa mama mkwe? Kichwa kikamzunguka. Kuna siku alishona tangu asubuhi bila kuwasha pasi, na mkwe akashinda jikoni salama. Mama akashusha pumzi, akajua limekwisha. Kesho yake asubuhi akawasha pasi, na ukelele ukasikika.

"Mimi sioni fumbo hapa," alisema Mwashi. "Tumeishi humu na redio, na feni, na pasi, na cherehani. Nani aliwahi kupigwa? Hakuna. Kaja yeye na friji yake, mambo ndiyo haya. Na friji yenyewe inambagua yeye tu! Ama binti anatafuta njia ya kurudi kwao, ama kaja na mkosi."

"Shemeji, acha maneno hayo. Atakusikia."

"Asikie. Kama wewe una maelezo mengine, nipe."

Mama Cherehani akarudi kwenye cherehani.

Halafu asubuhi moja ikatokea ile kubwa. Mkwe alishikilia mlango wa friji kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye bomba la sinki. Umeme ukamrusha. Alianguka chali, glasi zikavunjika, na mkono wake ukafa ganzi hadi begani. Mama Cherehani alipomwinua, alikuwa anatetemeka kama aliyetolewa majini. Friji? Friji ilikuwa inanguruma. Mwashi aliigusa kwa mgongo wa mkono, akatikisa kichwa, akatoka. Mama akamsikia uani anaongea na simu.

"Ndiyo, wazazi wenzetu. Njooni keshokutwa. Mmchukue binti yenu, na friji yake. Hapa hapamfai."

Mkwe naye alisikia. Hakulia. Alikwenda chumbani akafungua sanduku, akaanza kukunja nguo. Mama Cherehani akasimama mlangoni, hajui aingie au asiingie.

"Unataka kwenda, mwanangu?"

"Sitaki, Mama. Lakini mimi si mwongo, na humu ndani naonekana mwongo. Na jikoni naogopa. Sasa nikae kwa lipi?"

Mama akamfikiria mwanawe: alikuwa barabarani huko, anaendesha lori, hajui kwamba mkewe anarudishwa kwao kama nguo iliyokosewa kipimo. Angemwambia nini? Kwamba friji imekataa?

Alitoka nje, futi ya kupimia bado ikiwa shingoni, akavuka barabara.

Ng'ambo aliishi mwanamke aliyefanya kazi ya umeme viwandani mpaka nywele zikaota mvi. Testa yake, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini, aliichomeka kwenye kilemba saa zote. Walimwita Bi Testa. Sauti yake ilisikika kabla hajatokea, na hakujua kumumunya neno.

"Jirani! Leo umepotea njia?"

"Nimepotea akili, Bi Testa." Akamweleza.

Bi Testa akamkatiza kwa maswali. Alishika nini? Alikanyaga nini? Sakafu kavu au imelowa? Nini kingine kilikuwa kinawaka? Pasi? Cherehani? Feni? Mama alijibu mawili matatu, mengine akabaki anakuna kichwa.

"Mnajua nani kapigwa," alisema Bi Testa, "lakini hamjui nini kilikuwa kinawaka. Binti wa watu mmemkagua kuanzia utosini hadi unyayoni. Waya hata mmoja hamjautazama. Twende."

Mwashi aliwapokea mlangoni kwa uso uliokunjamana. Akatangulia koridoni, akapiga ukuta kofi, akawaingiza jikoni. Bi Testa akachomoa testa kilembani. Akaigusisha kwenye bati la friji. Taa ya testa haikuwaka. Akaingiza kwenye tundu moja la soketi, ikawaka. Tundu la pili, haikuwaka.

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Tundu moja lina umeme, lingine halina."

Akaikagua plagi, akaukagua waya wa friji kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaenda kuitazama pasi. Vyote vizima. Akarudi, akageuza ndoo, akaikalia.

"Sijui," alisema.

Mwashi akacheka hadi akashika ubavu. "Nilisema mimi! Hata Bi Testa hajui! Keshokutwa kila mtu na kwao."

Mama Cherehani akamsogelea. "Hujui kabisa?"

"Sijui bado. Ungependa nikudanganye? Fundi asiyejua akasema anajua, huyo ndiye anayezika watu. Yule Chapchap wenu alisema hajui hata mara moja? Hakusema. Nimewaona wengi wa namna yake, na waliowazika nawakumbuka mmoja mmoja." Akasimama. "Kosa likijificha, usibahatishe. Lirudishe litokee mbele ya macho yako. Kila mtu aende alipokuwa leo asubuhi, awashe alichokuwa amewasha. Mkwe, vaa viatu vya mpira, kaa kwenye kiti, usiguse kitu."

Wakafanya hivyo. Mama akawasha pasi na cherehani. Mwashi akarudi chumbani kwake na feni yake. Bi Testa akasimama mbele ya friji, testa mkononi. Wakangoja. Pasi ikapata moto. Balbu ya koridoni ikaanza kufifia, ikachezacheza, ikazimika. Friji ikanyamaza.

Bi Testa akainua testa. Kabla hajafika kwenye bati, taa ikarudi. Friji ikanguruma.

"Nani kawasha?"

"Nani kawasha nini?" Mama akauliza kutoka chumba cha kushonea.

"Umeme umekatika, umerudi. Nani kafanya nini?"

Mama akaja, wakatazamana. Mama hakufanya kitu. Mwashi, aliyekuwa amefika mlangoni, hakufanya kitu. "Mimi nimepita tu," alisema, na alikuwa anasema kweli kwa moyo wake wote.

Mkwe akainua kidole, kama mtoto darasani.

"Baba mkubwa amepiga ukuta."

"Aa, hiyo!" Mwashi akapunga mkono. "Hiyo si kitu. Hiyo kawaida."

Bi Testa akageuka polepole. "Kawaida gani?"

Wakamweleza. Mama alianza, Mwashi akadakia. Nyumba imezeeka, masikio mazito, unaigusa bega. Marehemu ndiye aliyewafundisha. Si kwa nguvu, ni kofi la kiasi, na lazima iwe pale kwenye doa, pengine pote haikubali. Kadiri walivyoeleza, ndivyo Mama Cherehani alivyoona aibu ikimpanda shingoni. Maneno aliyoyasema maisha yake yote alikuwa anayasikia leo kama yanasemwa na mtu mwingine, tena mtu mwenye homa.

Bi Testa hakucheka. "Na wewe binti, hupigi?"

"Nilipiga mara moja, Baba mkubwa akanicheka, akasema napapasa kama nambembeleza mtoto. Na mimi niliona ni nyumba ya marehemu baba mkwe. Kuipiga makofi sikuona heshima."

"Basi ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?" Mama na Mwashi wakauliza pamoja.

"Tungoje tena. Na safari hii, atakayepiga ukuta nitampiga yeye."

Wakangoja. Balbu ikafifia, ikazimika. Mkono wa Mwashi ukanyanyuka wenyewe. Akautazama kwa mshangao, akaukalia.

Bi Testa akaingiza testa kwenye tundu la kwanza. Ikawaka. Tundu la pili. Ikawaka.

"Yote mawili?" Mama akakaza macho. "Kwa hiyo umeme umezidi? Mbona basi taa haiwaki?"

"Ngoja." Bi Testa akagusisha testa kwenye bati la friji, pale mlangoni, pale mkwe alipokuwa akishika. Taa ndogo ya testa ikawaka, nyekundu, haina haya.

Mwashi alijitazama mikono yake miwili iliyozoea kuikumbatia friji ile, akairudisha mgongoni.

"Haya, zimeni kila kitu," alisema Bi Testa. "Chomoeni vyote. Na swichi za taa zote, chini." Wakachomoa. Akapima soketi tena: tundu moja likawaka, la pili likafa. "Chomeka pasi peke yake." Mama akachomeka. Tundu la pili likawaka tena.

"Sielewi," alisema Mama Cherehani, karibu kulia. "Bi Testa, kila unachonionyesha kinanipoteza zaidi."

"Utaelewa. Nisikilize. Umeme hauendi tu, unakwenda na kurudi. Waya mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Mafundi huo wa kurudi wanauita nyutro. Sasa fikiria ukumbi wenye mkutano. Watu wanaingia mlango wa mbele, wanapita ukumbini, wanatokea mlango wa nyuma. Mambo yanakwenda. Sasa mtu kaufunga mlango wa nyuma. Itakuwaje?"

"Watajaa."

"Watajaa ukumbi, na kile kijia cha kutokea nacho kitajaa. Hakuna anayetembea, lakini kila mahali pana watu. Ndiyo maana testa inawaka kwenye matundu yote mawili na bado taa haiwaki. Umeme upo, umekwama. Njia yenu ya kurudi imekatika mahali fulani."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Kitu kilianza kukaa sawa, kisha kikaponyoka. "Na friji? Mbona bati lake?"

"Hilo tutamuuliza Chapchap." Bi Testa akaenda kwenye boksi la umeme karibu na mlango wa mbele, akazima swichi kuu. Akachomoa fyuzi, akaitazama, akaguna. Badala ya uzi mwembamba wa fyuzi palikuwa na kipande cha waya wa kufungia nondo, ule wa waashi. Hakuwa na haja ya kuuliza nani kakiweka. "Mwashi, fyuzi ni mlinzi. Kazi yake ni kufa kabla yako. Huyu uliyemweka hafi." Akaitia fyuzi mfukoni mwake. "Inakaa kwangu, asije mtu akairudisha mikono yangu ikiwa ndani." Akarudi jikoni, akapima soketi tena kuhakikisha haina umeme, ndipo akaifungua.

Nyuma yake palikuwa na kijiwaya kifupi kilichounganisha tundu la tatu na njia ya kurudi.

"Tundu hili la tatu ni la waya wa ardhini. Umeme ukitoroka ukapanda kwenye bati, waya huu unauteremsha ardhini kabla haujampata mtu. Lakini nyumba hii haina waya wa ardhini hata mmoja! Chapchap alijua. Akaogopa kusema, akaliunga na waya wa kurudi ili tundu lisikae bure. Njia ya kurudi ikikatika, umeme uliokwama unapita hapa, unapanda kwenye bati la friji, unamngoja mtu mwenye miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa. Redio yenu ya plastiki ina plagi ya miguu miwili, ingewaonyaje? Friji ndiyo ya kwanza humu ndani iliyoweza kusema."

"Ikasema na mimi tu," alisema mkwe.

"Kwa sababu wewe tu ndiye uliyekuwa unaigusa kabla ya kofi. Hawa kila wakija mbio wanapiga ukuta kwanza, waya unashikana, friji inapoa. Halafu wanaigusa na kukuita mwongo."

Mama Cherehani akakaa kwenye ndoo. Alikuwa ameelewa, na alitamani asingeelewa haraka hivyo.

Bi Testa alikwenda koridoni, akaweka kiganja juu ya lile doa. "Njooni mshike. Pana joto." Wakashika. Palikuwa na joto kama shavu la mgonjwa. "Kuna nini humu ndani?"

"Hamna kitu," Mwashi akajibu haraka. "Ukuta huu nimeupaka mimi, naujua."

"Nyaya za jikoni na za chumba cha kushonea zinaungana wapi?"

Mwashi akatazama dari. "Palikuwa na kiboksi," alisema hatimaye. "Kilitokeza. Kilikuwa kinauharibu ukuta."

"Ukakifanyaje?"

"Nikakifunika."

"Basi lete tindo na nyundo, tukifunue."

"Hapana." Sauti ya Mwashi ilibadilika. "Ukuta huu hauvunjwi. Hii ndiyo kazi ya mwisho niliyofanya na ndugu yangu. Yeye anachanganya, mimi napaka. Mnataka kuuvunja kwa ajili ya nini, friji?"

Wote wakamgeukia Mama Cherehani. Nyumba ilikuwa yake. Aliutazama ukuta laini, akamkumbuka mumewe na kiroba cha saruji begani, anaimba vibaya. Kisha akatupa jicho upande wa pili. Sanduku la mkwe lilikuwa limeshafungwa, limesimamishwa mlangoni.

Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na tindo na nyundo.

"Nitavunja mimi."

"Shemeji, hujui hata kushika tindo!"

"Nitajifunzia hapa hapa." Akapiga. Tindo likateleza, likachana plasta pembeni, ufa ukakimbia kuelekea dari. Akapiga tena, vibaya zaidi.

Mwashi alivumilia kidogo tu. "Lete! Lete hapa, utaniulia ukuta wote!" Akampokonya vifaa, macho yamemlowa, akaanza kuvunja mwenyewe. Alikata mraba ulionyooka kama wa rula.

Harufu ilitoka kabla ya kiboksi kuonekana. Ndani, nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuviringishiwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa majivu. Kiungo cha waya wa kurudi kilikuwa cheusi, kimeliwa hadi kubaki nyuzi chache. Mbao za mlango wa jikoni zilikuwa karibu nacho kiasi cha kiganja.

"Pasi ikipokea umeme mwingi, kiungo kinapata moto, kinaachana," alisema Bi Testa kwa sauti ya chini, na kwake hiyo ilikuwa ajabu. "Mkipiga, kinashikana kwa cheche. Mlikuwa mnawasha kiberiti ukutani kila siku."

Mwashi akaketi sakafuni, vumbi la plasta magotini. "Na mimi ndiye niliyeona kinauharibu ukuta," alisema.

Siku ile na ya pili yake Bi Testa alifanya kazi. Alikata nyaya zilizoungua, akaweka mpya, akaziunga kwa viunganishi vya skrubu ndani ya boksi lenye mfuniko unaofunguka. Alikitoa kile kijiwaya cha Chapchap. Alipigilia chuma kirefu ardhini uani, akaleta waya wa ardhini wa kweli hadi jikoni. Aliweka fyuzi halali, na kando yake kifaa kinachokata umeme papo hapo ukianza kuvuja. Kila alipomaliza hatua, alipima. Mama Cherehani alisimama nyuma yake akiuliza, na Bi Testa hakuchoka kumjibu.

"Nikumbuke nini, jirani?"

"Taa ikichezacheza bila sababu, ukuta ukiwa na joto, soketi ikinuka, bati likikutekenya vidole: usizoee. Zima swichi kuu, mwite fundi mwenye leseni. Usifungue mwenyewe. Na fundi akija, simama umwone, umuulize anafanya nini. Akichukia kuulizwa, mfungulie mlango."

Siku ya tatu asubuhi wazazi wa mkwe walifika na kigari cha kubebea mizigo. Nyuso zimekaza. Baba alisalimia kwa kifupi. Mama yake binti alilitazama sanduku, akamtazama mwanawe, machozi yakamlenga.

"Tumekuja kuchukua kilicho chetu," alisema baba.

Mama Cherehani akapiga magoti mbele ya wakwe zake.

"Wazazi wenzangu, binti yenu alisema kweli tangu siku ya kwanza. Friji nzima, yeye mzima. Ubovu ulikuwa ukutani mwetu, tuliufunika sisi wenyewe. Alipigwa shoti, tukamwita mwongo. Angekufa tungemwita mkosi. Naomba radhi mbele yenu na mbele yake. Akitaka kwenda, siwezi kumzuia."

"Na mimi," alisema Mwashi. "Na mimi mwanangu. Kosa langu limezidi lake."

Mama yake binti akamgeukia mwanawe.

"Unasemaje? Twende, au unabaki?"

Mkwe alikwenda jikoni. Wakamsikia anavua viatu. Akaweka kiganja kwenye mlango wa friji, akasimama hivyo kitambo, peke yake, hakuna aliyetangulia kumfanyia kitu. Akaufungua, akatoa chupa ya maji baridi, akarudi akawamiminia wazazi wake.

"Nabaki," alisema. Kisha akamtazama Baba mkubwa, akamtazama mama mkwe wake, wala hakuinamisha macho. "Lakini kitu kikiharibika tena humu ndani, mkitazame hicho kwanza. Msianze kunitazama mimi."

Mama Cherehani akalibeba lile sanduku yeye mwenyewe, akalirudisha chumbani.